Imegoma

Jumanne usiku, Wakefield, chumba cha nyuma
cha chama cha madereva wa mabasi:
mashine ya fotokopi imegoma.
Imegoma kabla yetu, nasema,
nacheka peke yangu,
kwani hapa hakuna mwingine anayejua
kuwa kwetu mtu na mashine hugoma kwa neno moja.

Bwana Gledhill, miaka thelathini na mmoja kwenye usukani,
anaifungua ubavu, anavuta karatasi iliyojikunja
kama anayezalisha ng'ombe.
"Ni mashine yetu," asema. "Yaani yenu. Yaani..."
Anaishia kukipiga kofi kifuniko.

Walipiga kura kutupa chumba hiki.
Ishirini na wawili ndiyo, kumi na tisa hapana,
nami siwalaumu wale kumi na tisa.
Paa lao linavuja. Ndoo ile pale.
Denise alisimama akasema wazi:
shuka langu fupi, nimfunike nani?
Leo ndiye aliyeleta wino, na biskuti.
"Bado napinga," asema, akimimina chai.

Sisi kazi yetu ni gizani.
Rubabu ya majira ya baridi huoteshwa mabandani, bila dirisha,
isione jua, ibaki laini, nyekundu, ya bei.
Tunaichuma kwa mshumaa.
Ukinyamaza unaisikia ikikua:
ta, ta, machipukizi yakipasua maganda.
Saa tisa za kuinama zinaandikwa saba.
Kitanda cha karavani kinakatwa, gesi inakatwa,
hata mshumaa,
mshumaa wa kumchumia yeye,
unakatwa kwenye mshahara.

Tulianza tisa, karavani moja, taulo chini ya mlango.
Nikawaambia: kwetu Nyamira chama ni wanawake kumi na kikapu,
kila mwezi mmoja anabeba,
na asiyeleta tunajua hadi rangi ya mlango wake.
Dil Maya akauliza, na anayejiunga anaitwaje?
Mwanachama. Mwana wa chama.
Akafikiri.
"Sasa mama ni nani?"
Jibu hatujampa. Tumefika arobaini na mmoja.

Kisha Aizada akauliza saa zake mbili.
Aliuliza tu, Jumatatu, kwa adabu, daftari mkononi.
Jumatano akaambiwa ndege yako Ijumaa.
Na wakala kule kwao, Kirigizi, bado anadai;
farasi wa baba yake ndiye dhamana.

Ijumaa ile, saa kumi alfajiri, theluji nyembamba,
basi likaja hadi lango la shamba,
ghorofa mbili, taa zote zinawaka,
na kwenye paji lake: HALIPO KAZINI.
Gledhill usukanini. Nyuma yake wakili wa madereva
(tumeazimwa nusu ya Alhamisi zake;
hii ilikuwa Ijumaa, naye alikuja),
na Denise, koti juu ya gauni la kulalia.
Tukatoka mabandani na mishumaa mikononi,
si kwa mapambo; hakuna aliyekumbuka kuizima.

Msimamizi akasema, ondoeni, mnaziba njia.
"Limeharibika," akasema Gledhill,
akazima injini, akaweka ufunguo mfukoni.
Nusura nimfundishe neno letu.

Aizada hakupanda ndege ile.
Analala chumba cha mtoto wa Denise aliyehamia Leeds.
Saa zake mbili bado; kuna barua, kuna barua ya kujibu barua,
kuna tarehe mwezi Machi.

Mashine inakohoa, inaanza kutema:
lugha sita, Kiswahili ya mwisho,
karatasi za moto kama chapati.
Saa uliyoifanya ni yako.
Denise anaiinua kwenye taa, anaigeuza,
anauliza kama kuna neno lake humo.
Lipo, namwambia, la tatu kutoka juu.

Ndoo imejaa.
Ni zamu yangu kuimwaga.