Kadi za Jua

Katika kopo la maziwa, chini ya kitanda cha baba,
nimezikuta: kadi nyembamba za buluu,
kila moja siku moja, kila moja na kovu lake.

Mwilambwe wa Katuba, mpimaji wa hali ya hewa,
alizipanga nyuma ya tufe la kioo
alfajiri, kabla ya chai.
Jua likipenya kiooni lilichoma mstari;
wingu likipita, mstari ulikatika.
"Mimi karani tu," alisema. "Mwandishi ni lenyewe."

Miaka ile dohani kubwa ya shaba ikifuka,
mistari ni hafifu, rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili.
Wingu halikuwapo. Ulikuwa moshi,
chembe ndogo kuliko unga
zikilirudisha jua lilikotoka.
Tulikohoa, tukala.

Kisha dohani ikapoa.
Kadi zikaungua hadi upande wa pili,
nyeusi, toka asubuhi mpaka jioni.
Jua lilirudi lote.
Bukari haikurudi.
Nyuma ya kadi moja, kwa kalamu ya risasi:
Saa kumi za mwanga. Miezi tisa bila mshahara.

Leo ni Septemba. Pori linachomwa, makala yanapikwa,
malori ya madini yanatimua vumbi jekundu,
na jua la alasiri Lubumbashi
unalikazia macho bila kupepesa.
Nani anapima?

Naishika kadi dirishani.
Mwanga, huu mchache, unapita katika mpasuko
uliochomwa na jua la mwaka ule,
unaniangukia kiganjani.
Wala hauunguzi.