Baada ya Mwisho wa Reli

Miaka thelathini na mmoja nimekaa nyuma ya kidirisha
nikiwauzia watu safari.
Uvinza, Kaliua, Tabora, Dodoma,
nimezigonga mhuri zote,
na kiti changu hakikusogea hata shubiri.

Jumatatu nilistaafu. Wakanipa saa ya ukutani
(mimi, niliyeitazama saa mpaka ikaniogopa)
na keki iliyoandikwa Mwavit,
*a* ya mwisho haikupata nafasi.

Leo Alhamisi niko Bangwe, miguu mitupu mchangani,
nimefungwa jaketi okozi la rangi ya chungwa
linalobana kifua kama deni,
mbele ya pikipiki ya majini.

Kijana wa kuniongoza anaitwa Asukulu.
Ameniandika kwenye daftari la kaunta:
nusu saa, machweo, elfu arobaini.
Nikamwambia, risiti?
Akacheka. Mimi sikucheka.
Akachana pembe ya karatasi, akaandika kwa kalamu inayokatakata wino:
*Mama amelipa. Ziwa.*

Kisha akanifundisha.
Mafuta usiyabinye kama unakamua ng'ombe.
Ukianguka, achia; chombo kitazima, kitakungoja.
Nifuate mkia, mama, usinipite.
Nikupite niende wapi, mwanangu,
mimi ambaye baiskeli yenyewe ilinishinda Ujiji
mbele ya wajomba!

Lakini mkono una akili yake.
Ukabinya.

Loo.
Tumbo likabaki ufukoni, mimi nikatangulia.
Wimbi la kwanza likanipiga kofi, la pili likanibeba,
la tatu nikalimeza zima zima,
na hapa kwetu ukimeza wimbi umekunywa maji, basi,
hakuna chumvi ya kutema.
Kilemba kikaenda zake.
Nilipiga kelele ambazo sijazipiga tangu uzazi wa pili,
na hakuna aliyeniambia, dada, nyamaza, kuna foleni.

Nilipogeuza shingo nikauona mji kwa mgongo wake:
paa la stesheni, refu, limepauka,
kreni za bandari zimeinamisha vichwa,
kidirisha changu hakionekani.
Nilikitafuta. Kweli hakionekani.

Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja juu ya milima ya Kongo.
Ziwa lote likawa mawese,
mawese mazito yaliyoanza kupata moto,
na sisi wawili tukiyakata kwa kisu butu.

Asukulu akainua ngumi. Tukazima.

Sikujua ukimya una uzito wa namna ile.
Maji yakilamba plastiki. Petroli. Pumzi yangu.
"Hapa ndipo mwisho," akasema. "Mbele sina kibali."
Alikuwa anaitazama milima, si mimi.
"Mama alivuka usiku kutoka kule, mimi nikiwa tumboni.
Kila jioni nawaleta wageni hapa, nawapiga picha, nageuza."
Na wewe, umepigwa ngapi?
Akasugua kioo cha simu kwenye kaptula.
"Mimi napiga."

Mwisho naujua mimi. Nimeutangaza kwa kipaza sauti
kwa abiria wenye usingizi na vifaranga kwenye vikapu:
*Kigoma, mwisho wa reli, angalieni mizigo yenu.*
Ila mwisho wangu ulikuwa wa zege.
Huu wa kwake unayumba chini ya makalio,
na ng'ambo yake kunaonekana.

Nikamwomba simu.
Vidole vimelowa, picha imekwenda upande:
sikio lake, bega, na mlima mzima.
Akaitazama muda mrefu kuliko picha inavyostahili.

Upande wa Kibirizi taa za dagaa zikaanza kuwaka,
moja, kisha nne, kisha sikuweza kuhesabu.
"Turudi polepole," akasema, "tusiwaharibie watu kazi."
Tukarudi polepole.
Karibu na ufuko nikampita kidogo.

Risiti imelowa. *Mama amelipa* imetoka yote,
limebaki neno moja na doa.
Nimeichomeka kwenye fremu ya ile saa, upande wa chini, ikauke.
Imefunika saa kumi na mbili.