Kulabu

Wachezaji wa mpira hutundika daluga.
Hapa Geraardsbergen tunatundika baiskeli yenyewe,
na kulabu ni zangu: kumi na moja, darini mwa karakana,
nyuma ya pazia la nailoni ambalo wateja hawalifunui.

Hakuna anayesema ameacha.
Husema: "Nitunzie kidogo, Joris, mpaka baridi ipungue."
Baridi inapungua. Micheri inachanua.
Mvua ya Aprili inaosha mawe ya mlima.
Mimi nafuta vumbi kwenye tandiko, nazungusha pedali kwa kidole,
mnyororo usije ukasahau kazi yake.

Ile ya kijani ni ya Odiel Verschaeren.
Miaka thelathini na minne hakukosa Jumapili,
hata ile ya kumzika mama mkwe:
alifika kanisani na grisi kwenye shavu la mguu, chini ya suti.
Hakuanguka. Hakuugua.
Asubuhi moja alifika chini ya mlima, akashusha mguu,
akautazama kama mtu anayetazama sahani ya pili
ya chakula akipendacho, na tumbo limeshiba.
Akageuza.
Sasa anafuga njiwa wa mashindano.
Lori la chama huwapeleka hadi Ufaransa, huko wakaachiwa,
yeye hubaki uani, saa mkononi, uso angani,
na ukisimama karibu utamsikia akihema
kama aliyebakiza mita mia mbili afike kileleni.

Mieke Daelman, goti lilimgomea.
Daktari alimchorea mfupa nyuma ya karatasi ya dawa,
naye akanionyesha, kama watu waonyeshavyo picha ya mjukuu.
Anaogelea Jumanne na Alhamisi.
"Maji hayana mlima," aliniambia. Nikadhani anashukuru,
hadi nilipomtazama usoni.

Tijl, kijana wa mkopo wa nyumba na watoto pacha,
aliuza yake siku moja, taslimu, bila kuhesabu noti.
Wiki jana kaja na kigari cha watoto,
kapiga goti, kabonyeza tairi kwa kidole gumba:
"Nijaze upepo kiasi gani?"
Nikamuuliza, unakimbilia wapi?
Akasema bustanini tu, lakini kuna kona moja, Joris,
kuna kona moja...
Tukacheka. Nikamjazia. Sikumtoza.

Ya kumi na moja, nyekundu, karibu na dirisha,
watu wakiiona nawaambia inasubiri spea kutoka Italia.
Mwaka wa tatu huu inasubiri.
Ni yangu.
Haina kasoro, hata ya spoku moja.
Yenye kasoro ni kona ya kituo cha mafuta,
ambapo lori la bia lilikata bila kuashiria,
na Wannes alikuwa mbele kwa sababu
mimi nilichoka, nikamwambia shika upepo wewe.
Zamu ilikuwa yangu.
Ajali haina kinga, waliniambia mazikoni.
Zamu ina mwenyewe.

Nifanyacho badala yake? Natengeneza za wengine.
Jumapili alfajiri wanapita chini ya dirisha letu,
mlio wa gia kama mchele unaomiminwa kwenye sinia.
Wa mbele anapaza sauti, "Shimo!",
na neno linarudi nyuma, shimo, shimo,
mdomo kwa mdomo hadi kwa wa mwisho,
ambaye halisemi kwa yeyote.
Chini ya blanketi miguu yangu inaanza bila ruhusa.
Hilde hafumbui macho. Anauliza:
"Umefika wapi?"
Kila mara namjibu, kituo cha mafuta.
Naye huuweka unyayo wake wa baridi juu ya wangu
na kuukandamiza,
mpaka wapite wote.