Raundi ya Kwanza

Usiku wa kwanza nilikaa gereji, si ulingoni.
Upepo ulikuwa umefunga kreni zote za Ulsan,
zamu imeahirishwa, na Gyu-seok kaniachia
kidhibiti chenye kitufe kinachonata.
Nikachagua miguu ya kaa, mkono wa msumeno,
mkono wa pili nyundo. Mzani ukakataa:
umezidi kilo tisini.
Nikang'oa bamba la mgongo.
Nani atanipiga mgongoni?
Saa nzima nikatafuta rangi,
njano ileile ya kreni ninayoendesha,
nikaipata, nikatia na kutu kidogo gotini
maana kitu kisicho na kutu sikiamini.

Kisha kengele.
Akaingia mpinzani: sufuria yenye magurudumu matatu,
bila rangi, bila jina, bila haya.
Ikanizunguka.
Sekunde nne.

Gyu-seok alicheka mpaka akapaliwa na tambi.
Mimi nilikuwa nalitazama goti langu la njano
likibiringika peke yake katikati ya ulingo,
taratibu, kana kwamba lina pa kwenda.
Mlio wa chuma, nikasema, wameupatia.

Nikarudi gereji
kununua mgongo.