Mengineyo

Reijo fundi alifika saa tatu na ngazi begani,
theluji ukosini, bisibisi mdomoni,
akaanza kung'oa herufi za shaba ukutani.
Neno MAKTABA ndilo lililohukumiwa.
Moja moja akazitia katika boksi la viatu,
zikilia kama sarafu za nchi iliyobadili fedha.

Ndani, kikao cha nne mwezi huo huo,
ajenda moja: sisi ni nani.
Mimi ni mwandishi wa mihtasari. Silipwi kuwa na maoni.
Nalipwa kuandika "ilikubaliwa"
hata pale kilichokubaliwa ni uchovu.

Osmo, aliyetujia kutoka kwenye kompyuta, akasema:
Kitabu ni mtungi tu. Sisi tunasoma maji.
Tellervo akakaza shali yake:
Maji bila mtungi, Osmo, ni tope sakafuni.
Utapiga deki wewe?
Ilmari akaleta jamii, na mamlaka,
na anayehesabiwa, na anayeachwa nje ya hesabu,
kwa maneno marefu hata kalamu yangu ikapumzika mara mbili.
Hillevi, mkuu wetu, akatazama saa.
Jina linatakiwa Ijumaa. Liwe fupi. Liuzike.

Niliorodhesha majina kumi na moja.
Yote yalikuwa na neno "habari".
Hakuna hata moja lililosema za nani.

Nikatoka kuchemsha kahawa.
Ukumbini alisimama bibi wa kofia ya sufu,
buti zake zikichuruzika,
mkononi kipande cha kadi chenye tundu na uzi:
namba, na jina lililokaribia kufutika.
"Nimeambiwa hapa Tampere kuna watu
wanaosomea vitu vilipo."
Sikuthubutu kukana. Sikuthubutu kukubali.

Miaka minne alikuwa nayo
alipotundikwa kadi ile shingoni
akapakiwa kwenye treni ya watoto kwenda Uswidi,
vita vikiwa nyuma yao.
Yeye, Lempi, alirudishwa. Kauko, kaka yake, hakurudi.

Saimi wa mwaka wa kwanza alikuwa chini, kando ya radieta,
anakula mkate mweusi.
Akafuta vidole kwenye suruali.
Kompyuta hakuifungua. Aliuliza kwanza:
"Ukimpata, utamwambia nini?"

Bibi akanyamaza
hata nikasikia kahawa yangu ikifurika huko jikoni.

"Kwamba mbwa alipona.
Kauko alimlilia mbwa njia nzima mpaka stesheni.
Niliporudi nilimkuta hai, mnene.
Yeye hajui."

Ndipo wakaanza.
Jina lile makarani watatu wenye haraka
walikuwa wameliandika namna tatu.
Walezi wakalibadilisha mara ya nne.
Saimi akaandika barua kwa Kiswidi kibovu,
akaomba radhi kwa Kiswidi kile,
akampigia mtunza nyaraka mmoja, akaambiwa piga kesho.
Kufikia saa nane walikuwa na parokia,
mwaka, na jina la ukoo lenye alama ya kuuliza.
Bibi aliikunja karatasi ile mara nne
akaitia ndani ya glavu.

Nikarudi kikaoni na kahawa chungu.
Kura: sita kwa tano. Mmoja alijizuia.
Jina jipya sitalitaja, limo kwenye barua zetu zote.
Mwisho wa muhtasari, chini ya Mengineyo,
niliandika: Mbwa alipona.
Hillevi akasema nifute. Nikafuta.
Nakala ya kwanza ninayo, ina tarehe na sahihi yangu.

Reijo akachungulia mlangoni na boksi lake:
"Hizi herufi niziweke wapi?"
Walimu kumi na wawili
wa elimu ya kuweka vitu mahali pake
wakatazamana.

Saimi alikuwa akipita na koti lake.
"Nani atakuja kuzitafuta?" akamuuliza.
Reijo akakuna kidevu, akafikiri kwa dhati.
Kisha akachomoa penseli nyuma ya sikio
na akaanza kuandika juu ya kifuniko.