Namba ya Kiatu

Kamati ilikuwa na watu watano, na daftari la michango
likaniangukia mimi, kwa kuwa nafundisha hesabu.
Shilingi laki sita na elfu arobaini.
Mwalimu Kyaruzi aliahidi ishirini; bado anaahidi.

Tukakaa maabara, feni imekufa,
jasho la Novemba likidondokea ajenda.
Sista Edigna Komba anastaafu. Tumpe nini?

"Vitenge," akasema mwalimu wa Kiswahili, "doti sita."
Tukamtazama. Miaka thelathini na moja:
kanzu ya kijivu, veli nyeupe, basi.
"Friji ndogo."
Ataiweka wapi? Chumba ni cha shirika,
kitanda ni cha shirika, hata taulo lina namba.
"Bahasha."
Ataipokea kwa mikono miwili,
na kabla kengele ya jioni haijalia itakuwa kwa Mama Mkuu.
"Ngao ya kioo, jina lake kwa herufi za dhahabu."
Ya kufutwa vumbi, akanong'ona mhasibu.

Aliyeweka nadhiri ya ufukara
humpi kitu; unakipitisha tu mikononi mwake
kama maji kwenye chujio.

Halfani wa getini alikuja kuuliza kama afunge.
Hakuingia. Akasema akiwa pale pale kizingitini:
"Zile ndara zake mimi nimezipeleka kwa fundi mara nne.
Mara ya mwisho fundi alicheka.
Mpeni viatu."

Aibu ina harufu. Siku ile ilinuka asidi.
Miaka yote tulizisikia ndara zile koridoni,
kwap, kwap,
tukaficha simu, tukakatisha soga,
tukashika chaki kama watu wenye kazi.
Hakuna aliyewahi kuzitazama.

Haya, namba ngapi?
Tukiuliza masista wenzake, siri haitafika Ubungo.
Halfani akawasha tochi, akatuongoza
hadi nyuma ya madarasa ya kidato cha pili,
ngazi ya tatu kutoka chini.
Mwaka ule wa mvua za El Nino, saruji ikiwa mbichi,
Sista alipita viatu mkononi kwa ajili ya matope,
macho yapo kwenye pima maji ya fundi,
akakanyaga.
Akakataa izibwe. "Saruji ni pesa za wazazi."

Nikapiga magoti, si kwa kusali.
Rula ya chuma: sentimita ishirini na nne na nusu.
Vidole vitano, kisigino kimezama zaidi,
maji kidogo ya manyunyu, sisimizi mmoja akizunguka ukingo.
Mwaka ule nilikuwa humo ndani, dawati la dirishani.
Baba alikuwa amepunguzwa bandarini.
Ada yangu ililipwa, na hadi leo
sijaona risiti yenye jina la mlipaji.

Kariakoo bei huanzia mbinguni, ukiivuta inashuka.
"Za bibi yako?" akauliza muuzaji.
"Za mkuu wangu."
Ngozi nyeusi, soli ya mpira isiyopiga kelele.
Laki moja na sabini.

Jumamosi, baada ya misa ya shukrani,
akafungua boksi bila kuchana karatasi,
akaikunja karatasi, akaiweka kando.
Wa kulia ukaingia kama ulizaliwa naye.
Wa kushoto ukagoma.
"Huu mguu umeuzidi mwenzake tangu utotoni," akasema,
na mimi nikakumbuka kwamba saruji
iliweka mmoja tu.
Akausukuma hivyo hivyo. Akasimama. Akatembea hatua tatu,
hatukusikia kitu.

Kisha akanigeukia, kiganja wazi:
"Risiti iko wapi? Na chenji?"

Nina miaka arobaini na mbili, nina mke, nina kitambi;
nikapekua mifuko kama mtoto aliyepoteza nauli.
Laki nne na sabini. Akazihesabu mara mbili.
"Kuna mtoto pale kidato cha pili," akaanza,
akaona daftari mkononi mwangu, kalamu ikiwa tayari.

"Jina," akasema, "usiandike."