Kicheko

Kinyozi Mugaruka wa Kadutu alisema,
siku ya tatu baada ya mlima kuporomoka,
maiti wawili bado wamo chini ya tope:
“Ukijenga nyumba juu ya uji
usiulize nani kaumwaga.”

Simu ya mtu ilikuwa inarekodi.
Kufikia jioni sauti ilishafika Bagira,
ikavuka Ruzizi, ikarudi na matusi.

Hakuna aliyemziba mdomo.
Hakuja polisi, haikuja barua ya meya.
Watu walipita tu mlangoni pake na nywele zao
wakaenda kunyolewa Nyawera.
Ulimi wake ni huru, tulisema,
na miguu yetu je, ni mateka?
Jibu lilikuwa tamu. Lilitutosha wiki nzima.

Kisha mkewe Nabintu akaanza kuuza:
kiti, kioo,
mwishowe mashine yenyewe.
Shuleni mwanawe wakamwita Tope,
mtoto ambaye hakusema lolote.

Wafiwa wana haki ya kutomsalimia.
Hilo nalikubali, wala silirudii.
Ila wengi wetu hatukufiwa.

Nami, hebu isikilizeni tena ile sauti,
karibu na mwisho, baada ya neno “kaumwaga”:
kuna mtu anacheka.
Nilikuwa kitini, povu shingoni,
nusu ya kichwa imeshanyolewa.
Hakuna aliyeuliza kicheko ni cha nani.

Siku hizi nanyolewa Nyawera.
Kinyozi huniuliza, mvua inasemaje.
Namjibu: inanyesha.